Nilivyonyoosha picha za atomi za dhahabu

Mimi nipo Mwanza, hadubini ya elektroni ipo Ujerumani. Mwenzangu ananitumia mafaili. Chembe za dhahabu za nanomita 3 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), zinazochochea monoksidi ya kaboni kugeuka dioksidi (kipande cha dhahabu cha Geita hakiwezi kazi hiyo), zilionekana zimepinda. Safu za atomi zilipaswa kuachana nanomita 0.235, upande mmoja zilikubali, mwingine zikagoma.

Kumbe sampuli husogea huku mwale wa elektroni ukiipita mstari kwa mstari, ndiyo maana picha hupinda. Nikamwomba aache picha moja ya polepole, apige nyingi za haraka, nusu yake akigeuza mwelekeo wa mwale nyuzi 90. Nikazilinganisha kwa programu ili kujua sampuli ilisogea vipi, nikanyoosha, kisha nikatafuta wastani. Wastani wa picha 16 hupunguza chenga (vidoa vya ovyo kwenye picha) mara 4, si haba. Safu zikasoma 0.235 pande zote.