Kanta na saratani: tuanze na mikono ya msusi

Anayeuliza kama kanta, dawa ya kutia nywele weusi, huleta saratani ajibiwe kwanza kwa swali: wewe ndiye unayepakwa, au ndiye unayepaka watu kutwa nzima?

IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, ilichapisha uamuzi wake mwaka 2010. Kazi ya ususi na unyozi iliwekwa kundi la 2A, yaani huenda inasababisha saratani, hasa ya kibofu cha mkojo. Anayepaka nywele zake mwenyewe aliwekwa kundi la 3: ushahidi hautoshi kuamua.

Kilichotisha wengi ni utafiti wa Marekani wa 2019 juu ya wanawake 46,709, wote wenye dada aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Kwa wanawake weusi waliotumia rangi ya kudumu, hatari ya saratani hiyo ilionekana kuzidi kwa asilimia 45. Hapo watu husoma vibaya. Tuseme kati ya wanawake 100 wangeugua 10. Ongezeko hilo linawafikisha 14 au 15, si 55. Mwaka 2020 utafiti wa wauguzi 117,200 wa huko huko haukuonyesha ongezeko kwa saratani nyingi, ingawa baadhi ya aina za saratani ya matiti na ile ya ovari zilipanda kidogo. Wauguzi hao wengi walikuwa weupe, kwa hiyo matokeo yao hayafuti yale ya 2019.

Kwa hiyo mwenye mvi anayepaka mara chache asikose usingizi. Asikae na dawa kupita dakika zilizoandikwa kwenye boksi, wala asiipake juu ya kidonda. Saa 48 kabla, ajaribu tone nyuma ya sikio, maana mzio wa PPD, kemikali inayotoa weusi, huja haraka kuliko saratani yoyote.

Msusi ndiye wa kujilinda kwelikweli. Wengi huvaa glavu wakati wa kupaka, kisha huzivua wakati wa kuosha, na maji yale bado yamebeba dawa. Zivaliwe mpaka povu liishe, zitupwe, mteja mwingine apate jozi mpya. Dawa ichanganywe karibu na dirisha, si kwenye kichumba kilichofungwa.

Na piko ya maharusi, ile michoro myeusi ya ngozini? Ni PPD ile ile. Umoja wa Ulaya unaruhusu isizidi asilimia 2 kwenye mchanganyiko wa nywele, na kwenye ngozi hauiruhusu kabisa. Bibi harusi apakwe hina tupu.