Kitanda cha mninga alichokiacha baba

Nilitua Dar es Salaam Juni 2025, saa kumi jioni, baada ya miaka 12 Marekani. Nilipoondoka 2013, foleni ya Tazara ilikuwa inakula saa nzima. Safari hii gari ilipanda Daraja la Mfugale lililojengwa hapo na kuteremka upande wa pili kabla kaka hajamaliza kunipa habari za nyumbani. Mji umebadilika kweli. Lakini tulipokunja kona kuingia Keko, harufu ya vumbi la mbao na vanishi ilikuwa ileile, nikashindwa kujizuia. Nililia mle garini na kaka akaniacha nilie.

Baba alikuwa seremala. Alifariki Agosti 2021. Sikumzika. Makaratasi yangu ya ukaaji yalikuwa hayajatoka, na ningetoka nisingeruhusiwa kuingia tena. Nyumbani wakaniambia tulia, usije ukakosa yote mawili. Nilifuata mazishi kwenye simu, nimesimama nyuma ya marobota kwenye ghala nililokuwa nafanya kazi, Columbus, Ohio.

Siku nne kabla ya hapo baba alinipigia kwa video. Dada alimshikia simu. Hakutaja nyumba wala kiwanja. Alisema, "Yule mama wa kule Kwa Aziz Ally. Nimekula hela yake ya kitanda. Msiniache na kitanda cha watu." Nikamwambia, "Baba, nakuahidi kitamalizwa." Akanitazama. "Na nani?" Nikasema, "Na mimi mwenyewe."

Maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyonisumbua miaka minne.

Nimelelewa kwenye usharika, na habari za Yakobo nilizijua tangu Shule ya Jumapili. Ila sikuwahi kuzisoma kama mtu ambaye zinamhusu. Yakobo anafia Misri akiwa na miaka 147, amekaa huko 17. Anamwita Yusufu, anamwambia aweke mkono chini ya paja lake, amwapie kwamba hatamzika Misri. Yusufu anasema atafanya. Mzee haridhiki, anamwambia: niapie. Naye anaapa. Mkono wa mtoto uko mwilini mwa baba wakati neno linatoka kinywani. Wangu ulikuwa umeshika simu. Tena Mungu alikuwa amemwahidi Yakobo kwamba Yusufu ndiye atakayeweka mkono juu ya macho yake. Macho ya baba yangu aliyafumba dada.

Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Yusufu alikuwa wa pili kwa Farao. Alikuwa na watumishi, alikuwa na magari, alikuwa na ndugu 11. Angeweza kutuma. Badala yake, siku 70 za maombolezo zilipokwisha, alipeleka ombi kama mfanyakazi yeyote: baba yangu aliniapisha, naomba ruhusa niende nikamzike, nami nitarudi. Akaenda mwenyewe mpaka Kanaani.

Mimi nilituma. Mwaka 2022 nilimtumia kaka hela, nikamwambia mtafute yule mama umrudishie chake. Mama yetu akaugua wiki ileile na hela ikaingia kwenye matibabu. Hakuna aliyeficha, waliniambia wazi, na ndivyo ilivyopaswa kuwa. Lakini sikutuma nyingine. Nilijiambia nimeshafanya sehemu yangu.

Siku ya tatu baada ya kufika, mama alinitolea daftari la baba. Ni lile kubwa la jalada gumu, kurasa zimejikunja kwa jasho na katikati bado mna vumbi la mbao. Kila kazi aliiandika kwa mstari mmoja, na akiikabidhi anaukata mstari kwa kalamu nyekundu na rula. Nilipekua ukurasa baada ya ukurasa, mistari yote imekatwa. Mmoja tu haukuwa na wekundu: "Mama Kwa Aziz Ally, kitanda 5 kwa 6, mninga. Amelipa 180,000. Bado 170,000." Chini yake ameandika namba ya simu, kisha neno "harusi", amelipigia mstari.

Kwa hiyo kitanda kilikuwa cha bibi harusi.

Namba bado ilikuwa inapatikana. Nilikwenda na mama, maana si adabu kwenda kuzungumzia deni la marehemu peke yako. Nilimwamkia yule mama shikamoo, akaitikia marahaba, akatukaribisha mkekani. Nilipojieleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi siku ya msiba nilikuwepo."

Alikuwepo! Aliposimama msemaji wa familia kutangaza kwamba kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze, yeye alikuwa amekaa na kina mama wengine. "Nilimwona mama yako alivyokaa, nikashindwa. Nikasema moyoni, fundi, nimekuachia. Sisi Waislamu deni la maiti tunaliogopa, sikutaka alale nalo hata usiku mmoja." Binti yake aliolewa na kitanda cha kununua, sasa ana watoto watatu. Akamshika mama mkono. "Yamekwisha, dada yangu. Miaka minne yamekwisha."

Tulirudi nyumbani kimya. Kaka akasema basi, Mungu amelimaliza. Mchungaji wetu naye aliona deni limesamehewa na baba yuko huru. Nakubaliana naye kabisa. Mama yule alimfungua baba, na nitamheshimu kwa hilo maisha yangu yote. Ila mimi sikuahidi kwamba baba atasamehewa. Niliahidi kitanda. Zaburi ya 15 inauliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na miongoni mwa majibu ni mtu ambaye "ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake." Na Mhubiri anasema, "Ni afadhali usiweke nadhiri, kuliko kuiweka usiiondoe." Hilo ni la nadhiri kwa Mungu, najua, lakini sioni kwa nini neno nililompa baba yangu kufani liwe jepesi.

Niseme na hili, kwa sababu nimeona watu wakiumia. Si kila neno la mzazi anayekufa linamfunga mtoto. Wako walioachiwa usia wa kutomsamehe shangazi, au wa kutooa kabila fulani, na wanaubeba kwa hofu ya laana. Paulo anawaambia watoto wawatii wazazi "katika Bwana", na Yeftha, aliyetoa nadhiri bila kufikiri, Biblia inaonyesha ilimfikisha wapi: ilimgharimu binti yake. Ahadi ya kutenda uovu inatubiwa. Baba yangu hakuniomba uovu. Aliniomba kitanda.

Rafiki yake wa karakana, ambaye kwangu ni baba mdogo, alinipa nafasi kwenye meza yake. Mninga sasa bei yake inatisha, nilinunua hivyohivyo. Mikono yangu ilikuwa imesahau. Siku ya kwanza randa ilikuwa inakwama kila hatua mbili, baba mdogo akanigeuzia ubao bila kusema neno: nilikuwa naranda kinyume cha nyuzi. Kosa lilelile baba alinigombeza nalo nikiwa darasa la sita. Kitanda kilinichukua siku 11, na msasa peke yake ulikula mbili.

Tulikipeleka kwa kirikuu, kile kigari cha mizigo, Jumamosi asubuhi. Mama yule alitazama ubao wa kichwani, akapitisha kiganja juu yake, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na hela mkononi. Alihesabu 170,000 mbele yetu. Nilikataa, akasema, "Umekataa msamaha wangu, nami nikubali sadaka yako? Nilipatana na fundi 350,000." Nikakumbuka Ibrahimu kwa Efroni Mhiti. Shamba la Makpela, lenye pango la kuzikia, Efroni alisema anampa, Ibrahimu hakutaka, akampimia shekeli 400 za fedha. Lile pango Yusufu alilosafiri mpaka kulifikia lilikuwa limelipiwa. Nikapokea kwa mikono miwili, nikampa mama. Akazifunga kwenye pindo la khanga.

Wajukuu walipanda juu ya chaga hata godoro halijawekwa. Ya tatu kutoka miguuni ililia, nikaomba nyundo nikaiongezea msumari.

Usiku nilichukua daftari. Kalamu nyekundu haikupatikana nyumba nzima, nikatumia ya bluu. Rula ya baba ilikuwepo.