Sakafu za juu za ghala zinazostahimili moto: tulivyozijenga Moshi

"Chuma hakiungui, Mangi." Neno hilo nimelisikia kwa mafundi wa kuchomelea, kwa wauza vyuma, na kwa watu wenye vyeti vingi kunizidi. Mwenye ghala akitaka kuongeza sakafu ya juu, awe Moshi au Arusha, ushauri ni huo huo: simamisha nguzo za chuma, pitisha boriti za chuma, tandika mbao au sahani za chuma, umemaliza. Moto utafanya nini? Ushauri huu unaniudhi kwa sababu unatolewa kwa kujiamini sana, na anayeutoa hatakuwepo siku wapagazi watakapokuwa juu na moto uko chini.

Mimi ni fundi sanifu majengo. Nachora, nahesabu, kisha mhandisi aliyesajiliwa anakagua na kutia sahihi. Ghala ninalolisimulia liko upande wa Njoro, hapa Moshi, la zamani, kuta za mawe na paa lililo juu sana. Mzee mwenye ghala alitaka sakafu mbili ndani yake bila kubomoa paa. Wapangaji wake ni wa aina tatu: wa nafaka wanaouza soko la Mbuyuni, wa mitumba wanaopeleka soko la Memorial, na wa magodoro.

Nianze na hao wa magodoro, maana hapo ndipo hesabu za watu wengi zinapopotea. Gunia la mahindi ni zito, kwa hiyo linabaki chini. Godoro ni jepesi, linapandishwa juu. Mwenye ghala anaona sakafu ya juu ina mzigo mdogo, basi anaijenga nyepesi. Lakini sponji ya godoro ndiyo inayowaka kwa kasi na ukali kuliko karibu kila kitu kilichomo mle, na moshi wake ni sumu. Yaani sakafu dhaifu inapewa mzigo mkali. Isitoshe, mpangaji wa magodoro akihama mwezi ujao, anaingia wa sukari. Ndiyo maana nilikataa kuhesabu godoro. Tulichukua takriban kilo 750 kwa kila mita ya mraba, karibu sawa na kiwango cha chini kinachotumika Ulaya kwa sakafu za kuhifadhia bidhaa. Hata hicho hakitoshi kwa mahindi yaliyopangwa mita moja na nusu, ambayo hupita tani moja kwa mita ya mraba. Nafaka ikabaki chini, na ukutani juu tukaandika kwa rangi kubwa uzito unaoruhusiwa.

Sasa turudi kwenye chuma. Ni kweli hakiungui. Kinalegea. Kikifika nyuzi joto 550 hadi 600 hivi, nguvu yake inakuwa imeshuka karibu nusu, na boriti iliyobeba mzigo wake kamili inaanza kupinda. Katika moto wa kipimo wanaoutumia maabara, tanuri linafika nyuzi 576 kwa dakika 5 tu, 842 kwa nusu saa, na 945 kwa saa moja. Boriti tupu isiyovikwa kitu inaweza kufika kwenye hatari ndani ya robo saa au zaidi kidogo. Kabla ya kulegea inarefuka: boriti ya mita 6 iliyopanda nyuzi 500 inaongezeka kama sentimita 4, na kama imebanwa ukutani kila upande, inausukuma ukuta nje. Mbao nene kwa upande wake inajilinda kwa mkaa wake yenyewe. Mbao laini huliwa na moto kama milimita 0.65 kwa dakika, kwa hiyo gogo nene la saipresi linaweza kusimama wakati chuma tupu kimeshalala. Mbao ya inchi moja ya kutandika sakafuni ndiyo haina ujanja. Inaliwa ikaisha kabla ya dakika 40, na moto hausubiri hata iishe, unapenya kwenye maungio.

Nilimweleza mzee haya yote. Akasikiliza kwa heshima, halafu akasema, "Kijana wangu, nimekuelewa, lakini fundi ana miaka thelathini kwenye kazi hii." Fundi mwenyewe alikuwa amesimama pale, na alishapiga hesabu ya sahani za chuma. Nikaona maneno yamefika mwisho. Nikamwomba mzee anipe vipande vya paipu za mraba, saruji kidogo na siku ya Jumamosi.

Tukapanda Mamba, huko mlimani Kilimanjaro, kwa wahunzi. Wachaga wote wanawajua wahunzi wa Mamba, wanaofua mikuki, visu na kengele za ng'ombe kwa moto wa mkaa. Nilimwendea babu mmoja, nikamwamkia, nikamweleza shida. Hakuhitaji kushawishiwa. "Chuma kikiwa chekundu hakina ubishi," alisema, "ni kama unga uliokandwa. Nani anaweka gunia juu ya unga?" Fundi wetu wa kuchomelea akanyamaza. Kazi zote za babu huyu, tangu ujana wake, zimesimama juu ya ukweli kwamba chuma kinalegea motoni. Kama kisingelegea, asingefua kitu.

Tukajenga tanuri refu la matofali ya kuchoma, mkaa chini, na blowa ya umeme badala ya mivukuto. Juu yake tukalaza paipu kutoka ukingo hadi ukingo, na katikati ya kila moja tukaning'iniza mfuko wa mchanga kwa waya uliopita pembeni ya moto. Paipu ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili ilipakwa rangi ambayo muuzaji mmoja alituapia kuwa haishiki moto. Ya tatu ilipigwa lipu ya saruji na mchanga moja kwa moja juu ya chuma. Ya nne ilizungushiwa wavu wa kuku, ukaachwa mbali kidogo na chuma, ndipo ikapigwa lipu nene ya namna ile ile. Hizo mbili za lipu nilizitengeneza wiki kadhaa kabla, nikaziacha zikauke kabisa.

Shida ilikuwa joto. Kipimajoto cha tanuri sina, na kukikodi ni ghali. Hapa ndipo nilipotumia kitu ninachokipenda kuliko chote katika kazi hii. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420. Alumini ipo katika kila sufuria kuukuu, na zinki ndiyo gamba la betri ya tochi ya bei rahisi. Nilikata vipande vidogo. Alumini nikaiweka ndani ya moto, kando ya kila paipu. Zinki nikaifunga kwenye chuma chenyewe, ndani ya lipu, kabla ya kupiga lipu. Alumini ikidondoka tunajua moto umepita 660. Zinki ikiwa bado ina pembe zake baada ya kupasua lipu, tunajua chuma hakikufika 420, na kama hakikufika 420 kiko mbali na kulegea. Mashahidi wawili, wote wa kuokota.

Blowa ikawashwa. Alumini ilianza kudondoka mapema. Paipu tupu ikawa nyekundu ya giza, halafu nyekundu ya wazi, na babu akawa anatutajia hali yake kwa rangi bila kuuliza mtu. Kisha ikainama taratibu, bila kishindo, na mfuko wa mchanga ukakaa chini. Fundi alikuwa anaitazama kwa karibu kuliko sisi wote. Ile ya rangi ilitoa mapovu, ikanuka, ikaifuata ya kwanza. Niseme hapa: rangi za kweli za kulinda chuma zipo, huvimba zikipata joto na kuwa blanketi, lakini huuzwa na hati za majaribio na unene wake hupimwa. Kopo lisilo na hati ni rangi ya mafuta tu.

Paipu ya tatu ndiyo iliyonifundishia watu. Lipu ilipasuka kwa urefu, ikabanduka, ikaanguka vipande ndani ya mkaa, na baada ya hapo chuma kilikuwa uchi kama kile cha kwanza. Ya nne ilipata nyufa pia, lakini wavu uliishika. Tuliiacha motoni hadi mkaa ulipoanza kuisha. Ilipopoa tukaipasua kwa nyundo, na fundi mwenyewe ndiye aliyekitoa kile kipande cha zinki. Kilikuwa na pembe zake zote. Akakipitisha kwa mzee, mzee akakitia mfukoni mwa koti.

Jaribio hili halikuchukua nafasi ya maabara. Unene wa kujenga tuliuchukua kwenye majedwali yaliyopimwa, na mhandisi akaukagua. Tanuri lilituonyesha kinachoanguka na kinachoshika, na liliwafanya watu wote wa kazi ile waamini. Kijana mmoja alitaka tujaribu pia kipande alichokipiga lipu siku mbili nyuma. Kilipasuka kwa mlio na vipande vikaruka. Maji yaliyomo ndani ya zege bichi yanageuka mvuke na hayana pa kutokea. Msiharakishe kujaza ghala eti kwa sababu zege limeshika.

Sakafu yenyewe ilijengwa hivi. Kumwaga slabu kubwa ndani ya jengo lenye paa ilikuwa taabu, kwa hiyo tulifyatua mabamba ya zege chini, ya urefu wa mita 2, upana nusu mita na unene wa milimita 100. Kila moja lina uzito wa kilo 240 hivi, na chenibloku, kile kinyanyuzi cha mnyororo, inalinyanyua bila shida. Nondo zilikaa juu ya vitofali vidogo vya saruji ili zisikaribie uso wa chini, maana nondo nayo ni chuma na inalegea ikipata joto. Mabamba yakalazwa juu ya boriti, maungio yakajazwa mota, na juu yake tukamwaga tabaka jingine jembamba la zege lenye wavu wa BRC, yaani nondo nyembamba zilizounganishwa kiwandani. Tabaka hilo ndilo linaloziba. Sakafu ya kuzuia moto ina kazi tatu: isianguke, isipitishe ndimi za moto, na isichemke upande wa juu. Katika majaribio rasmi wastani wa joto la uso wa juu hauruhusiwi kupanda zaidi ya nyuzi 140, kwa sababu zaidi ya hapo mzigo ulio juu unaweza kuwaka bila kuguswa na moto. Kwa hiyo sahani ya chuma imeshindwa hata kabla haijapinda.

Boriti na nguzo za chuma zilivikwa wavu na zege la milimita 50. Wavu, saruji na kazi ya ziada viliongeza gharama, sawa, lakini haikufika hata moja ya tano ya bei ya sakafu nzima. Kila boriti inayofika ukutani tuliiachia nafasi ya kurefuka.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa matundu. Wapangaji walitaka tundu katikati ya sakafu la kushushia belo za mitumba. Tundu hilo likiwepo, kila kitu nilichoeleza hapo juu ni bure, moto unapanda humo moja kwa moja. Tulifungua mlango kwenye ukuta wa mbele kwa kila sakafu, tukatokeza boriti ya kunyanyulia nje, na mizigo ikawa inapanda na kushuka uani. Wapagazi wameupenda utaratibu huo, maana lori linasimama chini yake. Ngazi tuliizungushia ukuta wa tofali na milango inayojifunga yenyewe. Nyaya za umeme zinapanda nje.

Michoro ilipelekwa manispaa kwa kibali, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla ya kuchimba hata shimo moja. Nawashauri mfanye hivyo mapema. Ofisa aliyekuja alituuliza jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniuliza: maji ya kuzimia yatatokea wapi? Belo la nguo na gunia la maharage hunywa maji, huongezeka uzito na huvimba, na sakafu iliyovumilia moto inaweza kuangushwa na maji. Tukaacha mifereji midogo kwenye kuta za nje usawa wa sakafu, na mzigo haugusi ukuta. Namba ya zimamoto, 114, imeandikwa kila mlango.

Mpangaji mmoja ameshatoboa sakafu apitishe waya wa runinga. Mzee aliuona siku hiyo hiyo, akanipigia, tukauondoa waya na kuziba kwa mota. Mkataba wa upangaji sasa una kifungu cha matundu.

Anayetaka kurudia jaribio letu atafute betri ya tochi ya zinki na kaboni, kwa sababu gamba la betri ya alkalini ni chuma na halitamwambia kitu. Asitumie paipu ya mabati, maana zinki ikichomwa hivyo inatoa moshi wa kuumiza kifua. Na afanyie nje, upepo ukiwa mgongoni.