Barakoa Inayovuja na Kulala Chali
Kwa wiki kadhaa nilikaza mikanda ya barakoa ya CPAP, mashine inayopuliza hewa ili koo lisizibe na pumzi isikatike usingizini, kila usiku nikiamini kwamba hewa ingeacha kuvuja, kumbe kuikaza kupita kiasi hukunja ukingo wake wa silikoni na kuongeza uvujaji. Sasa naifunga nikiwa nimeshalala na mashine inapuliza, kisha naivuta mbele kidogo ili ukingo huo ujae hewa na kutulia sawasawa usoni.

Hata hivyo, takwimu za mashine ziliendelea kuonyesha vipindi vya kukatika kwa pumzi vikijikusanya katika saa chache tu, ambazo, kama mwenzangu alivyothibitisha, nilikuwa nimelala chali, kidevu kimeinamia kifuani kwa sababu ya mto mnene. Nilipolala ubavu, vilipungua sana.