Sauti tatu kwenye jozi moja ya waya: mradi umefika hapa

Jumamosi, Kisumu

Jozi moja ya waya, kutoka chumbani kwangu hadi jikoni, leo imebeba sauti tatu kwa wakati mmoja na kila moja ikatoka upande wa pili peke yake. Nimefurahi sana.

Njia ya kwanza ni sauti ilivyo, kuanzia hezi 300 hadi 3,400, kipimo kilekile cha simu za zamani. Ya pili imepandishwa juu ya wimbi la kubebea la kilohezi 20, na ya tatu juu ya kilohezi 32. Natumia AM ya kawaida (ukubwa wa wimbi hupanda na kushuka kufuata sauti), kwa hiyo kila wimbi hupata bendi mbili za pembeni, moja juu na moja chini. Njia ya pili inakaa kati ya kilohezi 16.6 na 23.4, ya tatu kati ya 28.6 na 35.4. Hayo mapengo katikati si hasara. Ni kama njia kati ya matuta ya sukuma: usipoiacha, utapalilia tuta moja huku ukikanyaga jingine.

Kwa nini 20 na 32, si 16 na 32? Mara mbili ya 16 ni 32, na osileta (mzunguko unaotengeneza wimbi) yoyote isiyo safi hutoa pia mizidisho ya masafa yake. Mzidisho wa 16 ungekaa katikati ya njia ya tatu kabisa. Mara mbili ya 20 ni 40, nje ya njia zote.

Vichujio vya kupokea, vinavyochagua njia moja na kuacha nyingine, ni koili ya milihenri 10 sambamba na kapasita. Nanofaradi 5.6 pamoja na 0.68 zinanipa karibu kilohezi 20, nanofaradi 2.2 pamoja na pikofaradi 220 zinanipa takriban 32. Kapasita zote nimezipata kwa fundi wa redio mtaani Kondele, kwenye bodi za redio zilizokufa. Baada ya kichujio ni daiodi ya germaniamu, inayotoa sauti kwenye wimbi, na hedifoni, basi.

Jumapili jioni

Hapa ndipo penye utamu. Njia ya tatu nilikuwa nimeipa redio ndogo, mtangazaji wa mpira. Mtoto wa dada yangu alikuwa jikoni akisikiliza njia ya kwanza. Nilipopandisha amplifaya ya waya, ile inayosukuma sauti zote tatu pamoja, akapiga kelele: "Anko, mtu wa mpira ameingia kwa simu yangu!"

Mzunguko mzima unasimama juu ya hesabu mbili. Kwenye kila modyuleta, sauti *inazidishwa* na wimbi lake. Kuzidisha ndiko kunakozaa masafa mapya, jumla na tofauti. Kwenye waya, mawimbi *yanajumlishwa* tu kupitia vizuizi (resista), na kujumlisha hakuzai kitu kipya. Ndiyo maana yanapita pamoja bila kugusana. Lakini amplifaya ikianza kukata vilele vya wimbi upande mmoja, haikuzi tena kwa uwiano. Inazidisha wimbi kwa wimbi. Wimbi la AM likizidishwa na lenyewe hurudisha sauti yake chini, pale pale penye njia ya kwanza. Mtangazaji hakuvuja kupitia kichujio. Amplifaya ndiyo iliyomshusha. Nimepunguza kiwango na kuongeza mkondo wa transista, na mtangazaji akatoweka kwenye njia ya kwanza.

Ukiniuliza, watu wanaojenga vitu hivi huhangaikia vichujio mno na kusahau unyoofu wa amplifaya, yaani kukuza kwa uwiano uleule.

Kinachofuata

AM inapoteza nafasi: bendi mbili za pembeni zinabeba habari ileile. Mitambo ya simu ya analogi ilituma moja tu, bila wimbi la kubebea, ikapanga njia 12 kati ya kilohezi 60 na 108, kila moja ikipewa kilohezi 4. Ugumu uko kwa mpokeaji, ambaye lazima alitengeneze wimbi upya kwa usahihi, la sivyo sauti inageuka ya ajabu. FM ya stereo ina tatizo la aina hiyo: tofauti ya kushoto na kulia hupandishwa kwenye kilohezi 38 bila wimbi lenyewe, kisha toni dogo la 19 hutumwa ili redio ilizidishe mara mbili.

Mimi nina bahati kwamba 20 na 32 zote ni mizidisho ya 4. Osileta moja ya kilohezi 4, mzidisho wa tano na wa nane, na toni hiyohiyo ikipita kwenye waya juu kidogo ya 3,400, itaongoza pande zote mbili. Wiki hii nalehemu osileta hiyo.