Mama aliuliza maji yatoka wapi

Kwa wiki tatu mfululizo nilimtumia mama picha za nyumba za kukodi kwa likizo kila baada ya Isha. Mimi niko Hamburg, yeye yuko Mombasa, simu yake kaiegemeza kwenye kopo la sukari kwa hiyo mara nyingi naona dari tu na nusu ya ushungi. Nilimtumia vila zenye mabwawa ya kuogelea, baraza zilizofunikwa na mizabibu, vitanda vyeupe vya kuogopa hata kukalia. Anatazama, anasema "Mashaallah," kisha anauliza swali lile lile: "Na maji yatoka wapi?"

Nilikuwa nacheka, lakini moyoni linanikera. Mama, hii ni Italia. Maji yanatoka bombani.

Safari yenyewe ilikuwa yake. Alikuwa amepata viza ya Schengen kutoka ubalozi wa Ujerumani kule Nairobi, baada ya makaratasi mengi na ile bima ya matibabu ya euro 30,000, na viza hiyo hiyo ilimruhusu kuvuka hadi Italia. Nilitaka apumzike wiki moja mahali penye jua, asikae mwezi mzima kwenye fleti yetu ya ghorofa ya tatu akitazama mvua ya Hamburg. Hoteli hatuiwezi: mama hula mapema, hulala mapema, na hapiki mtu mwingine chai yake. Kwa hiyo nyumba, ya watu watano: mama, mimi, mume wangu na watoto wawili.

Mume wangu alitaka Toscana, kwa sababu ndiyo aliyoisikia. Nami nikaanza huko. Nyumba za Toscana zinazopendeza pichani ni zile za mawe zilizokaa juu ya kilima peke yake, na kilima chenyewe hakionekani kwenye picha. Nilipouliza, moja ilikuwa na jiko chini, vyumba vya kulala juu, na msala katikati ya ngazi. Nyingine iliandikwa "karibu na Florence", kumbe ni dakika 50 kwa gari, na kilomita ya mwisho ni barabara ya changarawe. Mama ana magoti mabovu. Nikaanza kujifunza kusoma matangazo kama daktari anavyosoma picha ya eksirei, natafuta kile kisichosemwa. Ukiona picha sita za bwawa na moja tu ya jiko, jua jiko halifai. Ukiona kitanda kimepigwa picha kutoka juu, basi chumba ni kitanda.

Nikashuka kwenye ramani hadi Puglia, kisigino cha kile kiatu cha ramani ya Italia. Mashamba ya mizeituni, bahari haiko mbali, na tukienda Septemba bei inashuka, maana Waitalia wenyewe huchukua likizo Agosti, kilele chake tarehe 15, siku ya Ferragosto, wakati hata kijiwe cha kuegesha gari ufukweni hukipati.

Huko ndiko nilikonusurika kuibiwa. Vila ya vyumba vinne, bwawa, bahari inaonekana, kwa bei ya chumba kimoja. Mwenyewe alikuwa mwepesi wa kujibu na mkarimu kupita kiasi, ila alitaka pesa zote zitumwe benki siku hiyo hiyo, na tangazo halikuwa na ile namba ya utambulisho. Tangu Januari 2025 kila nyumba ya kukodisha watalii Italia lazima iwe na namba ya taifa, wanaiita CIN, na lazima iandikwe kwenye tangazo. Nilipomuuliza namba, akanyamaza. Siku iliyofuata tangazo halikuwepo. Nilikaa kitako jikoni nikanywa maji.

Kisha nikaingia wazimu wa trullo. Ni zile nyumba za mawe zenye paa la duara lililochongoka kama pia iliyopinduliwa, mawe yamepangwa juu ya mawe bila udongo wala saruji. Ukiziona hutaki kitu kingine. Nilipata moja yenye paa nne zilizoungana, nikakaribia kulipa. Mume wangu ndiye aliyeuliza, kwa aibu, "Milango iko wapi?" Nikatazama tena. Ndani ya trullo vyumba vya kulala mara nyingi ni vishubaka vilivyochimbwa kwenye unene wa ukuta, na kati ya kishubaka na ukumbi kuna pazia. Pazia! Mimi na mume wangu tulale upande huu, mama mkwe wake upande ule, na katikati kitambaa. Kwa wapenzi wawili wa Milano ni raha, lakini kwetu sisi hakuna sitara.

Kwa hiyo tukaangukia nyumba ambayo haikuwa na sura. Wenyeji huiita lamia: nyumba ya shamba ya mawe, ya chini, dari yake kuba kwa ndani lakini juu ni paa bapa, yote imepakwa chokaa. Iko kati ya Ostuni na Cisternino. Haina bwawa. Ina vyumba vitatu vyenye milango, ngazi sifuri, nyavu za mbu madirishani, na baraza pana mbele. Euro 1,100 kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi, pamoja na usafi, na amana ya 200 mkononi. Kabla ya kulipa nilimtumia mwenyewe orodha ya maswali, na kwa kuwa nilijua nitaulizwa, la mwisho likawa lile la mama. Akanijibu kwa neno moja: *cisterna*. Nilipomwambia mama kuwa ni maji ya mvua, wanayakusanya kutoka paani wakayaweka chini ya nyumba, akakaa kimya kidogo. "Jabia," akasema, ndivyo liitwavyo kwetu tangi la maji. "Basi chukua hiyo."

Tulitua Brindisi mchana. Kutoka uwanja wa ndege hadi Ostuni ni kama dakika 40, na nilikuwa nimewaahidi mizeituni. Ilikuwepo, ila sehemu nyingi ilikuwa mikavu, mashamba kwa mashamba ya miti ya kijivu isiyo na jani, mikono imeinuliwa. Ni ugonjwa wa bakteria aitwaye *Xylella fastidiosa*, uliotambuliwa mara ya kwanza mwaka 2013 karibu na Gallipoli, kusini zaidi, na tangu hapo umekuwa ukipanda kaskazini. Huenezwa na mdudu mdogo wa povu anayefyonza utomvu, na hakuna dawa ya kuuponya mti ukishashikwa. Mama hakusema kitu mpaka tulipofika karibu na Ostuni, tukaanza kuona ile mikubwa iliyo hai, vigogo vimejipinda kama nguo iliyokamuliwa, mingine ina mamia ya miaka. Akashusha kioo. "Hii ni ya wakfu?" akauliza. Sikuwa na jibu. Kwa kweli sheria ya mkoa inailinda miti hiyo, huwezi kuikata ovyo hata kama shamba ni lako.

Mwenye nyumba alikuwa mzee wa miaka yapata sabini, kofia mkononi, akitungoja chini ya mtini. Kwanza alitaka pasipoti zetu azipige picha, na mama akauficha mkoba wake. Ikabidi nimweleze kuwa ni sheria: kila anayelaza wageni Italia lazima apeleke majina yao polisi ndani ya saa 24. "Hata mimi mzee?" Hata wewe. Alipoitoa, mzee wa Kiitaliano aliipokea kwa mikono miwili, na nadhani hapo ndipo walipopatana.

Akatuzungusha. Nilikuwa namtazama mama, si nyumba. Alipoingia tu alinyoosha mkono akagusa ukuta, chokaa ikamshika vidoleni. Ndani ya unene wa ukuta mlikuwa na matundu ya kuwekea taa na vyombo. "Zidaka," akasema kwa Kiamu chake, maana amezaliwa Lamu, Mombasa ni kwa kuolewa. Chokaa yao huchomwa kutoka mawe ya ardhini, ya kwetu kutoka matumbawe ya baharini, lakini ubaridi wake ni mmoja. Nje jua kali, ndani unatafuta kanga ya kujitanda. Kiyoyozi kilikuwepo, hatukukiwasha hata siku moja.

Msalani alitoka na uso wa furaha niliokuwa sijauona tangu atue Ujerumani, ambako siku zote alikuwa akitembea na kopo lake kisirisiri. "Hawa ni watu," aliniambia. Kuna bidet, beseni la kujisafishia baada ya haja. Italia iliweka tangu mwaka 1975, kwa amri ya wizara, kwamba kila nyumba ya kukaa watu iwe nayo.

Kisha mzee akatupeleka uani, akainua mfuniko wa jiwe. Giza, ubaridi, na chini kabisa duara la mbingu linatikisika. Mama akainama, magoti na yote, akapiga ukelele mdogo ili asikie mwangwi. Mzee akacheka akaanza kueleza, na mimi nikitafsiri kwa Kiitaliano changu cha kuokoteza. Puglia karibu haina mito, ardhi yake ni mawe ya chokaa yenye matundu, mvua ikinyesha inamezwa. Kwa hiyo zamani kila nyumba ilijitegemea kwa paa lake, na ndiyo sababu paa lilipakwa chokaa pia, maji yateremke safi. Mfereji mkubwa wa mkoa ulianza kujengwa mwaka 1906, unaleta maji kutoka chemchemi za mto Sele, ng'ambo ya milima ya Apenini, na ulifika Bari, mji mkuu wa mkoa, mwaka 1915. Mashambani nyumba nyingi bado haujazifikia. Kiangazi kikirefuka, jabia likikauka, unaita lori la maji na unalipa. Mwaka huo alikuwa ameshaliita mara mbili. Akatuonyesha kipimo, kijiti chenye alama: chini ya robo.

Nikafikiria zile vila zote zenye mabwawa nilizozikodolea macho.

Mama akachukua usukani wa nyumba. Watoto wakapewa sheria: kuoga kwa ndoo, maji ya mchele yamwagiwe mtini. Mzee alipopita jioni na kapu la tini na matunda ya mpungate, akaona ndoo, akamvulia mama kofia.

Sisemi kila kitu kilikwenda sawa. Siku ya tatu tulinunua pweza kwa wavuvi wa Savelletri. Kule Bari wavuvi bado huwapigiza mawe ili walainike, na mama aliposikia hivyo akaona Waitalia wana akili, maana na sisi ndivyo tufanyavyo. Alikuwa na kopo la tui alilolibeba kutoka Hamburg ndani ya soksi. Pweza kwenye jiko la umeme, mkate kwenye oveni, mimi nikafungulia mashine ya kufua. Giza. Nyumba nyingi za Italia zimeunganishiwa kilowati 3 tu. Ukizidisha, swichi kuu inaruka, na ya kwetu ilikuwa kwenye kisanduku barabarani, nyuma ya miba. Mume wangu alikwenda na tochi ya simu mara tatu usiku ule. "Hata huku?" mama alikuwa akimuuliza kila akirudi. "Hata huku, mama."

Dukani nako nilifika saa saba na nusu mchana nikakuta mlango umefungwa, na wao hufungua tena alasiri ikishaingia. Siku mbili tulikula mchana kile kilichobaki, kisha tukashika adabu.

Alberobello, mji wa zile trullo, tulikwenda asubuhi moja. Trulli zaidi ya elfu moja, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1996, na watalii wengi kuliko mawe. Husimuliwa kuwa mabwana wa ukoo wa Acquaviva waliwaamuru watu wajenge bila udongo ili wakaguzi wa mfalme wakija nyumba zibomolewe upesi, kodi ya kuanzisha mji isilipwe, mpaka mwaka 1797 mfalme Ferdinand IV wa Naples alipoufanya kuwa mji huru. Mama alisikiliza, akaingia kwenye moja, akaona pazia, akanitazama. Hatukulizungumza.

Kilichomgusa zaidi ni Cisternino, ambako bucha ndiyo hoteli: unaingia, unachagua nyama yako kwenye kioo, wanakuchomea pale pale, unakaa mezani barabarani unangoja. Mume wangu alisimama kama yuko Mwembe Tayari kule Mombasa. Lakini nyama haikuchinjwa kwa Bismillahi, na nusu yake ni nguruwe, basi tulivuta harufu tukapita, tukaenda kula maharage mapana yaliyopondwa yakawa uji mzito, juu yake mboga chungu na mafuta ya zeituni. Mama aliomba sahani ya pili.

Usiku wa Ijumaa, wa mwisho, niliamshwa na ngurumo. Mvua ya kwanza tangu tufike, ile ya kupiga kama mawe. Nikatoka kuangalia nguo kambani nikamkuta mama ameshatangulia, yuko uani na kanga mbili kichwani, sikio karibu na mfuniko wa jiwe. Maji yalikuwa yakiteremka kutoka paani kwenye mfereji wa jiwe, yakiingia chini kwa kishindo. Nikamwambia atapata homa.

"Nyamaza," akasema. "Linajaa."