Siku yangu na tunda lisiloliwa

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi niko getini. Mwezi wa pili hapa Perth jua halina mchezo, kwa hivyo lazima tumwagilie kabla mchanga haujawaka. Kitalu chetu ni cha mimea ya asili ya Australia tu.

Saa moja ni zamu ya miche ya hakea, jamii ya vichaka vya asili vya huku, na hapo nina aibu yangu. Wiki ya kwanza niliiwekea mbolea ya kupandia, ile yenye fosforasi nyingi, kwa roho safi, kama tunavyofanyia mahindi kwetu Murang'a. Trei nzima ikawa njano, ikakauka, ikafa. Kumbe hakea imezoea udongo fukara. Vimizizi vyake vilivyosongamana kama burashi hukamua fosforasi kidogo iliyopo, na ukiizidishia, inavimbiwa mpaka kufa. Bosi hakunigombeza. Alinyamaza tu. Afadhali angegomba.

Saa tatu tunavuna Hakea platysperma. Ni kichaka chenye majani kama sindano za kushonea magunia, bila glavu za ngozi utalia. Tunda lake ni la mviringo, na wenyeji hulifananisha na mpira wa kriketi. Ni mbao tupu! Hukaa kichakani miaka likiwa limefumba, hadi moto upite au tawi life.

Saa tano nafungua yale tuliyokata zamani tukayaacha kwenye joto ndani ya mifuko ya karatasi. Yamepasuka katikati. Ganda ni nene kama kidole gumba, na ndani, zimelala zikitazamana, mbegu mbili nyeusi zenye bawa. Mbili! Makadamia za kwetu, ambazo asili yake ni Australia na ni za ukoo huu huu, angalau ukishavunja ganda unatafuna kitu. Huku wanaotafuna mbegu za hakea ni kasuku weusi wa Carnaby, ndege wa kusini magharibi mwa Australia pekee, nao wako hatarini kutoweka. Wateja wengine hununua miche kwa ajili yao.

Saa sita, kuandika vibandiko. Kazi ya kusinzia.

Saa nane natoka. Nyumbani ni saa tatu asubuhi, mama anapiga simu.

"Leo mmevuna nini?"

"Matunda, mama."

"Ni matamu?"

"Hayaliwi."

Kimya. Nasikia kuku wake.

"Na wanakulipa?"

"Wananilipa, mama."

"Basi vuna, mwanangu. Lakini usiwaambie watu wa huku."